Siku ya mkoba: namna ya kumfundisha mchanjaji mpya mpaka uweze kumwachia meza

Muuguzi anayeripoti zahanati moja kwa moja kutoka chuoni huwa ameikariri ratiba ya chanjo. Mwamshe usiku wa manane umuulize, atakutajia: BCG ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto anapozaliwa, pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano, kifaduro kikiwemo) na PCV ya nimonia wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua-rubella miezi 9 na miezi 18. Chuo kimefanya kazi yake. Lakini chuo hakijampeleka kwenye mkoba, yaani siku ya kwenda kuchanjia kitongojini, saa mbili kutoka zahanati kwa bodaboda, akina mama arobaini wakimsubiri chini ya mwembe, kibebea chanjo kimoja, kile kisanduku cha ubaridi, miguuni pake na hakuna mkubwa wa kumuuliza. Huko ndiko chanjo za nchi yetu zinakofika au zinakoharibikia.

Mwongozo huu ni wako wewe unayempokea: mfawidhi wa zahanati, muuguzi kiongozi, mratibu wa chanjo wa wilaya. Nimefuata taratibu za Tanzania kwa kuwa ndizo ninazofanya nazo kazi. Aliyeko Kenya au Kongo atabadilisha majina ya vyeo na sehemu moja mbili za kuchoma, mengine yanabaki vilevile. Msimamo wangu ni mmoja: uchanjaji unafundishwa kwa mikono, mbele ya friji na mezani, na makosa yanayoua ni yale yasiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo semina ya siku mbili ukumbini, yenye karatasi za kuprojekta na posho, haiwezi kushika nafasi ya wiki chache za kufanya kazi bega kwa bega na mtu anayejua.

Hatua ya 1: Anza na kinga yake mwenyewe

Siku anaporipoti, kabla hujampa koti la kliniki, muulize kama amekamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Kama hajakamilisha, aanze siku hiyohiyo. Anakwenda kushika sindano kila wiki, na ipo siku itamchoma.

Jambo hili linasahaulika hata na waliokuwa mstari wa mbele. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, Oktoba 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia. Alikuwa amewahi kufanya kazi ya kuchanja wenzake, naye mwenyewe hakuwa na kinga. Alipona, na miaka ya baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kisa chake mpaka alipofariki mwaka 2013. Msimulie mgeni wako kisa hicho. Mchanjaji ambaye hajachanjwa hana la kumwambia mama anayesita.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza aikae mbele ya friji

Usimpe sindano wiki ya kwanza. Mpe friji.

Asome kipimajoto asubuhi na jioni, aandike kwenye chati, aweke saini, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Mpangie maswali: umeme ukikatika saa tano usiku utafanya nini? Jibu sahihi linaanza na kutofungua mlango wa friji. Ukiikuta nyuzi 11 asubuhi? Ukiikuta nyuzi 0? Swali hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu sote tumefundishwa kuogopa joto, na barafu tunaiona rafiki.

Hapa ukae naye kwa muda mrefu. Pentavalenti, PCV, chanjo ya pepopunda ya wajawazito, homa ya ini B na HPV ya saratani ya mlango wa kizazi zina chumvi ya alumini ndani yake. Zikiganda hata mara moja, muundo wake unavunjika na haurudi. Kichupa kikiyeyuka kinaonekana kizima. Alama ya joto iliyobandikwa kwenye kichupa, ile tunayoiita VVM, haitakuambia lolote, kwa sababu yenyewe inapima joto lililozidi, baridi haiioni. Mtoto atachomwa, atalia, kadi itajazwa vizuri, na kinga haitakuwepo. Hakuna atakayejua mpaka kifaduro kiingie kijijini.

Maneno hayatoshi, kwa hiyo mwonyeshe. Chukua kichupa cha pentavalenti ambacho kimeshapangwa kutupwa, kiandike kwa kalamu nene KIMEGANDISHWA, USITUMIE, ukiweke kwenye jokofu la barafu usiku kucha. Kesho yake kiyeyuke chenyewe mezani. Mwambie mgeni ashike hicho mkono mmoja na kingine cha toleo lilelile (vilivyotoka kiwandani pamoja) ambacho hakijawahi kuganda mkono wa pili, avitikise pamoja kwa nguvu, aviweke mezani mbele ya mwanga, kisha asubiri nusu saa. Kile kizima kitabaki na ukungu wake sawasawa kwa muda. Kile kilichoganda, mashapo yatashuka chini upesi na juu kubaki maji yaliyochujika. Nimeona wauguzi wenye uzoefu wa miaka wakiinama kuviangalia vichupa viwili hivyo bila kusema neno. Aliyeona hivyo hatalaza tena pentavalenti imegusana na barafu.

Mkumbushe kwamba kipimo hicho kinapotumika kweli, vichupa vyote viwili lazima viwe vya chanjo moja, kiwanda kimoja na toleo moja. Tena hakifai kwa BCG, surua-rubella, matone ya polio wala sindano ya polio.

VVM yenyewe aisome kwa haraka kama anavyosoma saa. Ni mraba mdogo ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inatumika. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa kinatolewa kwenye matumizi hata kama tarehe yake bado. Mpe vichupa kumi avipange: kinachotangulia kutumika ni kile ambacho mraba wake umeanza kukolea, hata kama tarehe yake ya mwisho iko mbali.

Hatua ya 3: Apange mkoba kwa hesabu, aache kukisia

Mwambie akokotoe mwenyewe. Tuseme kijiji kina watu 3,000, na wilaya yenu inakadiria watoto wa chini ya mwaka mmoja kuwa asilimia 3.5. Hao ni watoto 105 kwa mwaka, karibu 9 kila mwezi. Kila mmoja anahitaji pentavalenti mara tatu, kwa hiyo mkoba wa kila mwezi utahitaji dozi 27 hivi. Kama vichupa vyenu ni vya dozi 10, ni vichupa vitatu. Halafu aongeze kimoja cha akiba, na afungue rejista aone majina ya walioruka mwezi uliopita. Orodha hiyo ya walioruka aiandike kwenye karatasi, na karatasi isafiri naye.

Siku mbili tatu kabla, apige simu kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Asiseme tu "tunakuja Alhamisi". Awasomee majina ya watoto wanaotafutwa. Mhudumu wa jamii anajua kwamba mama fulani amehamia shambani kwa msimu, na yule mwingine amejifungua kwa mkunga wa jadi wala hajawahi kuja kliniki. Taarifa hizo hazimo kwenye kompyuta ya wilaya. Na siku ya mnada au ya msiba mkubwa isigombaniwe; mkoba uhamishwe mapema na watu waambiwe.

Hatua ya 4: Kupakia kibebea

Pakiti za barafu zitolewe kwenye jokofu na ziachwe mezani mpaka zitoke jasho. Azitikise sikioni: akisikia maji yanacheza ndani, ziko tayari. Zikipakiwa zikiwa jiwe, zitagandisha pentavalenti njiani, na lile somo la friji litakuwa halijamsaidia kitu. Wakati wa mvua na baridi kwenye nyanda za juu, Njombe au Mbulu, kungoja huku kunachukua muda mrefu, kwa hiyo aamke mapema.

Vichupa viingie katikati ndani ya mfuko wa plastiki, maji ya kuchanganyia ya BCG na ya surua-rubella yakiwa nayo yameshapoa tangu jana, sponji juu yake, kifuniko. Kisha vitu ambavyo visipokuwepo siku imekwisha: mabomba ya sindano yanayojifunga yenyewe, mabomba ya kuchanganyia, kisanduku cha sindano zilizotumika, pamba, maji safi na sabuni, kadi mpya, rejista, karatasi ya kuhesabia, na kisanduku cha dharura chenye adrenalini, dawa ya mzio mkali. Atamke kwa sauti kila anachoweka huku wewe ukisikiliza. Hii ni tabia ya kumjengea mpaka aifanye hata akiwa peke yake.

Hatua ya 5: Meza, na maji ya kuchanganyia

Wakifika, meza ikae kivulini, akina mama waingie upande mmoja na watoke upande mwingine. Kibebea kisikae juani hata dakika moja. Vichupa vilivyofunguliwa vinachomekwa kwenye sponji, kifuniko kinafunguliwa pale tu anapochukua kingine.

Sasa fika kwenye sehemu ninayokuomba usiipite haraka. BCG na surua-rubella huja zikiwa unga, na kila moja ina maji yake, kutoka kiwanda kilekile kilichoitengeneza. Maji ya kiwanda kingine hayafai. Maji ya sindano ya kawaida hayafai. Na kwenye meza ya chanjo, kwenye kibebea chake na kwenye rafu ya friji yake, isikae dawa nyingine ya aina yoyote.

Tarehe 6 Julai 2018, kisiwani Savai'i nchini Samoa, watoto wawili wa mwaka mmoja walifariki siku moja, kila mmoja muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Unga wake ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumika chumba cha upasuaji, iliyodhaniwa kuwa maji ya kuchanganyia. Wauguzi wawili walihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, wazazi wakapoteza imani, na surua ilipoingia visiwani mwaka 2019 iliwakuta watoto wengi hawana kinga. Walikufa watu 83 katika nchi ya watu laki mbili hivi, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Desemba hiyo serikali ilifunga ofisi zake kwa siku mbili, wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa ikatundika kitambaa chekundu nje.

Miaka minne kabla ya vifo vya Savai'i, mwaka 2014, watoto 15 walikufa mkoani Idlib nchini Syria kwa kosa la jamii hiyohiyo: dawa ya kulegeza misuli iliwekwa pamoja na maji ya chanjo ya surua. Maana yake ni kwamba haya hayatokani na mtu mmoja mzembe wa visiwa vya mbali. Yanatokea popote vichupa viwili vinavyofanana vinapokaa kwenye rafu moja na mtu mmoja ana haraka.

Basi mfundishe hivi. Achukue kichupa cha unga mkono wa kushoto na cha maji mkono wa kulia. Asome kwa sauti: jina la chanjo, kiwanda, tarehe. Asome tena cha pili kwa sauti. Mwenzake wa mezani, hata akiwa ni mhudumu wa jamii anayeshika rejista, asikie na aitikie. Ndipo achanganye, na papo hapo aandike saa kwenye kichupa. Kuanzia saa hiyo, BCG na surua-rubella vina saa 6 tu, au mpaka mkoba unapofungwa, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo kinatupwa, hata kama kimebaki dozi nane.

Sababu ya saa 6 nayo aijue. Chanjo hizi hazina dawa ya kuzuia bakteria baada ya kuchanganywa. Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulikuta bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku zote nne za kampeni, chanjo haikutunzwa kwenye ubaridi, na timu iliyotumwa haikuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Kila nikisoma taarifa ile nasimama kwenye neno hilo la mafunzo. Kuna mtu aliwaandika wale watu kwenye orodha na kuwapa kibebea.

Hatua ya 6: Sindano

Hii itakwenda haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mikono ya vijana ni myepesi. Pentavalenti nusu mililita, paja la kushoto, katikati upande wa nje, sindano ikisimama nyuzi 90. PCV paja la kulia. Surua-rubella nusu mililita chini ya ngozi, mkono wa juu. Matone ya polio mawili mdomoni. Asivute pistoni kuangalia damu kabla ya kusukuma dawa. Utaratibu huo ulishaachwa, unaongeza maumivu tu. Asisugue alipochoma.

BCG ndiyo inayotaka mazoezi. Ni 0.05 ya mililita kwa mtoto mchanga, ndani ya ngozi, bega la kulia kwa Tanzania, wakati Kenya wanachoma mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Sindano inalazwa karibu sambamba na ngozi. Akifanya sawasawa patainuka kivimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa, na machungwa yenyewe ndiyo ya kufanyia mazoezi: mpe bomba lenye maji safi na machungwa kadhaa jioni, mpaka kila akichoma kivimbe kinainuka. Kivimbe kisipoinuka kwa mtoto, ameingia ndani mno.

Mtoto apakatwe na mama, asilazwe mezani akishikiliwa na watu wawili. Anayenyonya anyonye huku akichomwa. Na mama asiambiwe "haiumi", kwa sababu inauma, na mama anaona.

Sindano ikitoka mwilini inaingia kisandukuni moja kwa moja. Haifunikwi tena na kifuniko chake, haiwekwi mezani "kwa muda". Kisanduku kikijaa robo tatu kinafungwa. Ukimwona anafunika sindano, msimamishe hapohapo, kwa upole, lakini mbele ya kazi yenyewe. Ukingoja jioni umwambie, mkono utakuwa umeshazoea.

Hatua ya 7: Mama aliyekaa mbele yake

Hapa ndipo wengi wanapoteza watoto, na hakuna fomu inayoonyesha.

Mama amefika amechelewa wiki saba, amepoteza kadi. Muuguzi kijana, amechoka, anamfokea mbele ya wenzake: "Wewe mama, ulikuwa wapi?" Mama anainamisha kichwa. Mtoto anachomwa siku hiyo. Mwezi unaofuata mama haji tena, na jirani yake aliyesikia naye haji. Mfundishe mgeni wako kuanza na salamu, kisha na shukrani: "Shikamoo mama. Asante kwa kuja, najua ni mbali." Bibi aliyemleta mjukuu asalimiwe kama bibi. Baba aliyekuja na mtoto, na siku hizi wapo, aelezwe yeye, asiulizwe mama yuko wapi.

Halafu amwambie mama jambo ambalo akina mama wengi hawalijui na wauguzi wengine nao wanalikosea: kuchelewa hakufuti dozi zilizotangulia. Mtoto aliyepata pentavalenti ya kwanza akapotea miezi minne anapewa ya pili leo, na ya tatu baada ya wiki 4. Haanzi upya. Kadi iliyopotea inaandikwa mpya kutoka kwenye rejista, bila hotuba.

Mafua, kikohozi kidogo, joto la kadiri, kuharisha, utapiamlo: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomnyima mtoto chanjo. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu surua ikimpata itamuua. Wa kusubirishwa ni mtoto mgonjwa sana anayestahili kupelekwa hospitali. Wa kutokupewa dozi nyingine ya chanjo ileile ni aliyepata mzio mkali kwenye dozi iliyopita. BCG haipewi mtoto mwenye dalili za UKIMWI. Nje ya hapo, achanjwe.

Na kuna hili la kufungua kichupa kwa mtoto mmoja. Imekuwa desturi mahali pengi kumwambia mama wa mtoto wa miezi 9, "Rudi mwezi ujao, leo hamjatimia wa kutosha kufungua surua." Mchanjaji anaogopa kuulizwa kuhusu upotevu wa dozi. Wewe kama msimamizi ndiye wa kumwondolea hofu hiyo, kwa kumwambia waziwazi kwamba dozi tisa zilizotupwa utazitetea mwenyewe wilayani. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni akarudishwa mikono mitupu hana sababu ya kuamini kwamba safari ijayo itakuwa tofauti, na surua haingoji watoto watimie kumi.

Mwisho wa mazungumzo, mama aondoke na mambo manne kichwani: leo mtoto amepata chanjo gani na inazuia nini, maudhi gani madogo yanaweza kutokea na afanye nini, arudi lini, kadi aitunze na aje nayo. Njia ya kuhakikisha ni kumwomba mama amweleze yeye: "Mama, nisaidie, ukifika nyumbani baba akikuuliza utamwambiaje?" Tarehe ya kurudi aitamke mama mwenyewe, na bora iambatane na kitu anachokikumbuka, wiki ya mnada au baada ya Idi. Kidonda cha BCG kitajwe mapema: baada ya wiki mbili hivi patatokea kipele, kitapasuka, kitakauka na kuacha kovu, wala asipake kitu. Mama ambaye hakuambiwa akiona usaha atasema chanjo imemwoza mtoto, na mtaa mzima utasikia.

Akiulizwa kuhusu uvumi, asicheke na asibishane. Kenya mwaka 2014 yalizuka mabishano makubwa kwamba chanjo ya pepopunda inawafunga wanawake uzazi, na maneno yale yalivuka mpaka na bado yanasikika. Mwanamke anayeuliza hivyo anaogopa kitu cha maana sana kwake. Asikilizwe mpaka amalize, ndipo aambiwe kwa sentensi chache kwamba chanjo ile inamkinga yeye na kichanga chake na pepopunda, na kwamba waliochanjwa hapa kijijini wameendelea kuzaa. Kama kuna mama jirani wa kushuhudia, aitwe.

Hatua ya 8: Dharura ambayo huenda asiione kamwe

Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra mno, na kwa sababu hiyo mtu husahau. Watoto wakae karibu na meza angalau dakika 15 baada ya kuchomwa. Mfanyishe zoezi ukitumia mdoli: mtoto amelegea, anapumua kwa shida, ngozi imetoka mabaka. Adrenalini ya 1:1000 iko wapi? Ni 0.01 ya mililita kwa kila kilo ya uzito, yaani 0.1 kwa mtoto wa kilo 10 na 0.05 kwa wa kilo 5, ndani ya msuli wa paja. Kisha apige simu ya gari huku akimwangalia mtoto. Abandike vipimo hivyo kwenye kifuniko cha kisanduku cha dharura kwa herufi kubwa, maana katika dakika ile hakuna anayekumbuka hesabu.

Tukio lolote zito baada ya chanjo liripotiwe siku hiyohiyo kwa mratibu wa wilaya, ambaye atalifikisha kunakohusika, ikiwemo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwambie mapema kwamba kuripoti hakumfanyi mtuhumiwa. Akiogopa, atanyamaza, na ukimya ndio unaozaa uvumi.

Hatua ya 9: Kurudi zahanati

Vichupa vya pentavalenti, PCV na matone ya polio vilivyofunguliwa vinaweza kurudi kwenye friji na kutumika hadi siku 28 tangu kufunguliwa, mradi vina tarehe ya kufunguliwa, VVM yake bado nzuri, muda haujaisha na havijazama kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka. BCG na surua-rubella zilizochanganywa zilishatupwa kulekule.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kuoga, rejista ijazwe na hesabu ifungwe. Mfundishe hesabu moja ya kuangalia kila mwezi: waliopata pentavalenti ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa wa kwanza, zidisha kwa 100. Kama walianza 120 wakamaliza 96, umepoteza asilimia 20 njiani. Zaidi ya asilimia 10 ni dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa, na mara nyingi kitu hicho kiko kwenye hatua ya 7. Majina ya hao 24 yatoke kwenye rejista usiku huo na yaende kwa wahudumu wa jamii kesho yake.

Hatua ya 10: Kumwachia

Mkoba wa kwanza aangalie tu na ashike rejista. Inayofuata achome huku wewe umekaa pembeni yake. Halafu uje mkoba ambao yeye anaongoza kila kitu kuanzia kupiga simu mpaka kutupa sindano, na wewe umenyamaza kabisa, ukiingilia pale tu mtoto anapokuwa hatarini. Usihesabu idadi ya mikoba. Wengine wanaiva upesi, wengine polepole. Cha kuangalia ni kama anasoma vichupa kwa sauti hata asipojua kwamba unamtazama, na kama akina mama wanamuuliza maswali. Meza ambayo hakuna mama anayeuliza kitu, mwachie mwenye meza hiyo muda zaidi.

Ukishamwachia, baada ya mwezi mmoja nenda bila taarifa siku isiyo ya mkoba. Fungua friji, soma chati ya joto, linganisha na kipimajoto. Angalia kama jioni za Jumapili zimeandikwa. Kisha chagua majina matatu ya watoto kwenye rejista, mtembee pamoja mpaka nyumbani kwao, uombe kadi, na umuulize mama tarehe ya kurudi.